Chumba cha Kupanga Kilivyoijenga Dar es Salaam

Historia ya Dar es Salaam husimuliwa mara nyingi kupitia watawala wake. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar aliuanzisha mji miaka ya 1860 kando ya kijiji cha Mzizima, akafariki mwaka 1870 kabla haujasimama vizuri. Wajerumani wakauhamishia makao makuu yao mwaka 1891 kutoka Bagamoyo, na Waingereza wakautwaa Septemba 1916. Yote hayo ni kweli, ila masimulizi ya aina hiyo yanawaruka watu wenyewe. Mwaka 1921 mji ulikuwa na wakazi wapatao 25,000. Mwaka 1948 walikuwa takriban 69,000, mwaka 1957 wakafika 128,742, na sensa ya 1967 ikahesabu 272,821. Hakuna mji unaoongezeka kiasi hicho kwa uzazi peke yake. Wengi walishuka kwenye treni, jahazi au lori, au walitembea kwa miguu kutoka Uzaramo, Rufiji na Uluguru, wakaingia mahali wasipokuwa na shamba, ukoo wala mzee wa kuwasemea. Serikali haikuwaandalia makao ya kutosha, na waajiri wengi walijali nguvu za mikono yao bila kuuliza walilala wapi. Hata hivyo walikaa, wakazaa, wakazikwa hapo. Nani aliwapokea? Jibu ninalolitetea ni kwamba mpokeaji mkuu alikuwa chumba cha kupanga katika nyumba ya Kiswahili, na kwamba chumba hicho kilifanya kazi ya kumgeuza mgeni kuwa mwenyeji kuliko kabila, ajira au serikali.

Tuanze na waliozijenga nyumba hizo, maana wengi wao pia walikuwa wageni. Mji wa Majid ulikusanya Washomvi na Wazaramo waliokuwapo tangu awali, Waarabu wa Hadhramaut, Wahindi, Wangazija, na watumwa walioletwa kwa nguvu kulima mashamba yake ya minazi. Baadaye Wajerumani waliingiza askari kutoka Sudan na Wazulu kutoka Msumbiji waliokuja na jeshi la Hermann von Wissmann mwaka 1889. Wamanyema, ambao asili yao ni mashariki ya Kongo, walifika kwa njia za misafara, wengi wao kwa utumwa. Reli ya Kati ilianza kujengwa mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914, na kila kituo kipya kiliwafungulia wengine njia ya kuja pwani. Aliyekuwa mtumwa, askari aliyestaafu, mpishi wa Mzungu, mwanamke aliyeachika na kujitafutia riziki kwa kuuza chakula: watu hawa hawakuwa na mtaji wa biashara kubwa, wala hawakuwa na uhakika wa kutunzwa uzeeni. Kilichowezekana kwao kilikuwa kupata kiwanja, kusimamisha nyumba ya fito na udongo, kuiezeka makuti, kulala chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki. Kodi ya mwezi ilinunua chakula; ikibaki kidogo, makuti yaliondolewa yakaja madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa, kisha bati, kisha sakafu ya saruji. Kwa mtu aliyewahi kumilikiwa na mwingine, nyumba ilikuwa heshima kabla ya kuwa pato. Katika mtaa wa Kariakoo, Wamanyema na wanawake walikuwa wengi miongoni mwa wenye nyumba.

Kariakoo yenyewe ilizaliwa kutokana na ubaguzi. Wajerumani walitaka Waafrika wakae magharibi ya mji, mbali na makazi ya Wazungu, na Waingereza waliendeleza mpango huo kwa kuugawa mji katika kanda tatu: Uzunguni ufukweni, Uhindini katikati, na kanda ya tatu kwa Waafrika. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi ili kuitenga Kariakoo na Uhindini kwa hoja ya afya. Jina la mtaa lilitokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza kilichopiga kambi hapo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na jengo ambalo Wajerumani walikuwa wamelijenga kwa ajili ya maonyesho likageuzwa soko katika miaka ya 1920. Kanda ya tatu haikupewa barabara nzuri, taa wala mifereji kama kanda nyingine. Kitu kimoja tu iliruhusiwa, na kwa sababu za ubahili: Mwafrika alipe kodi ya kiwanja na ajenge mwenyewe kwa vifaa vya bei nafuu. Serikali iliona hiyo ni njia ya kukwepa gharama. Matokeo yake yalikuwa makubwa kuliko ilivyokusudia, kwa sababu iliacha mikononi mwa Waafrika mamlaka ya kuamua nani apate mahali pa kulala mjini.

Nyumba hiyo wasomaji wengi wanaijua. Mbele kuna baraza. Mlango unafunguka kwenye ukumbi mwembamba unaopita katikati hadi nyuma. Kulia vyumba vitatu, kushoto vitatu. Nyuma kuna ua wenye jiko, bafu na choo. Ramani hii inamlazimisha kila anayeingia na kutoka apite mbele ya wenzake. Mpangaji hana mlango wake wa nje. Maji yanachotwa kwa zamu, moto unawashwa uani, nguo zinaanikwa kamba moja. Mtu aliyetoka Songea akijua Kingoni tu, na jirani yake aliyetoka Ujiji, hawakuwa na budi kuelewana kwa Kiswahili tangu asubuhi ya kwanza, kwani hata kuuliza kama choo kina mtu kulihitaji lugha ya pamoja. Baraza nayo ilikuwa mahali pa habari: bandarini wanatafuta vibarua, meli imeingia, bwana fulani anataka mtumishi, duka la nani linakopesha, polisi wamepita mtaa gani kukagua stakabadhi za kodi ya kichwa. Hakuna ofisi iliyotoa maarifa hayo. Mgeni aliyapata kwa kuketi tu, na aliyapata kutoka kwa watu walioyajaribu.

Afisa wa kikoloni J.A.K. Leslie, aliyeuchunguza mji katika miaka ya 1956 na 1957 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1963, aliliona jambo hili ingawa hakulipa uzito ninaolipa mimi. Alikuta nyumba zenye wapangaji wa makabila mbalimbali chini ya paa moja, na wenye nyumba wanaoishi humohumo na wapangaji wao. Kilichomsumbua ni kwamba hakuona uongozi: hakukuwa na machifu mjini, na maofisa waliowekwa na serikali hawakuwa na uzito kwa watu. Nadhani alitafuta uongozi mahali pasipo pake. Mwenye nyumba ndiye aliyesuluhisha ugomvi wa uani, ndiye aliyejua nani mgonjwa, ndiye aliyeulizwa habari za mtu akipotea. Mamlaka yake yalikuwa madogo, ya vyumba sita tu, lakini yaliendeshwa kila siku na mtu anayekaa hapohapo.

Hapa pana pingamizi la kwanza, nalo ni zito. Wengi watasema mgeni hakupokewa na mwenye nyumba. Alipokewa na ndugu. Ni kweli kwamba mara nyingi aliyefika alikuwa na jina la mjomba, shemeji au mtu wa kijiji chake. Lakini tujiulize ndugu huyo aliishi wapi. Naye alikuwa mpangaji, chumba kimoja, pengine na mke na watoto. Mgeni alilala kwenye mkeka ukumbini au pembeni ya pazia, na desturi ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu ilifika mjini bila jembe: alitakiwa atafute kibarua, kisha atafute chumba. Ndugu alikuwa daraja la wiki chache. Kazi yake kubwa ilikuwa kumtambulisha kwa mwenye nyumba, amwambie huyu namfahamu, si mwizi. Kuanzia hapo mgeni aliishi ukutani kwa ukuta na watu wasio wa damu yake, na hao ndio waliosikia akikohoa usiku.

Pingamizi la pili linahusu vyama vya kabila, kama Wazaramo Union iliyoundwa miaka ya 1930 na vingine vingi vilivyofuata. Vyama hivi vilikuwapo na vilisaidia, hasa kwa mambo mawili: kumzika aliyefariki na kumrudisha kwao aliyekwama. Lakini mambo hayo mawili yanaonyesha mipaka yake. Chama cha kabila kilimhudumia mtu anapoondoka mjini, ama kwa treni ama kwa jeneza. Kumfundisha kukaa hakikuwa na njia, kwa sababu wanachama wake walitawanyika katika mitaa yote. Hata kwenye msiba, wa kwanza kufika hawakuwa watu wa chama. Walikuwa wapangaji wa nyumba hiyo na watani. Utani kati ya makabila, ambao kwa sehemu ulitokana na safari za misafara na vita vya karne ya 19, ulipata kazi mpya mjini: Mnyamwezi aliyefia ugenini alikuwa na Wazaramo wenye wajibu wa kushughulikia maziko yake, huku wakimtania maiti na wafiwa. Wageni waliweza kuzikwa kwa heshima na watu wa kabila jingine, na tanga likawekwa kwenye baraza ya mwenye nyumba. Kwa maoni yangu hakuna ushahidi mzito wa uenyeji kuliko huo.

Ngoma na mpira zilijengwa juu ya msingi huohuo. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu ngoma ya beni, ameeleza jinsi vyama vya Marini na Arinoti vilivyoshindana kwa mavazi, vyeo vya kijeshi na tarumbeta, huku vikisaidiana katika ugonjwa na mazishi. Vilivuka kabila. Klabu ya Yanga ilipoundwa mwaka 1935, na watani wake wakafuata mwaka 1936 kwa jina la Queens kabla ya kuwa Sunderland na hatimaye Simba, mgeni alipata njia nyepesi zaidi ya kuwa mtu wa mtaa: achague upande. Siyo bahati kwamba makao ya klabu zote mbili yako Kariakoo na kandokando yake, kwenye mitaa iliyojaa vyumba vya kupanga.

Pingamizi la tatu silipendi, lakini haliepukiki. Mwenye nyumba alitaka pesa. Vyumba vilijazwa watu, choo kimoja kiliwahudumia wengi mno, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mji ulipofurika, kodi zilipanda na aliyechelewa kulipa alitolewa vyombo nje. Watoto walikufa kwa maradhi ambayo bomba la maji na mfereji vingezuia. Anayeisifu nyumba ya Kiswahili bila kutaja haya anawadhulumu waliokaa humo. Hoja yangu haihitaji mwenye nyumba awe mwema. Inahitaji awe na sababu ya kumkubali mtu asiyemjua, na kodi ilikuwa sababu hiyo. Ukarimu wa ukoo huchagua na huchoka. Kodi haikuuliza unatoka wapi, dini gani, wala baba yako nani. Na kwa kuwa mwenye nyumba mwenyewe alilala humo, chini ya bati lilelile, akichota maji bomba lilelile, hakuweza kuwafanya wapangaji wake kuwa hesabu tupu kwenye daftari. Masilahi na ujirani vilikaa nyumba moja.

Ukitaka kuipima hoja hii, tazama Nairobi. Kule serikali na waajiri walijiingiza zaidi katika makao ya Waafrika. Sheria ya kipande, iliyotekelezwa kuanzia mwaka 1920, ilimfunga mwanamume na mwajiri wake kwa alama za vidole. Reli ilijenga Muthurwa makao ya wafanyakazi wake, yaliyoitwa landi, na manispaa ikajenga makao kwa kumfikiria mfanyakazi kama mwanamume mseja ambaye siku moja angerudi kwao. Pangani, mtaa wa zamani wa nyumba zilizomilikiwa na Waafrika, wengi wao wanawake, ulibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930. Palipoachwa wenye nyumba Waafrika, yaani Pumwani, tabia ilikuwa ileile ya Kariakoo: Kiswahili, wanawake wamiliki, wapangaji wa kila kabila, misiba ya pamoja. Landi zilimpa mtu kitanda kwa muda aliokuwa na kazi. Kazi ikiisha, kitanda kiliisha. Tofauti kati ya mitaa hii haikutokana na makabila yaliyohamia, maana yalikuwa yaleyale pande zote mbili za Nairobi. Ilitokana na nani aliyekuwa na ufunguo.

Serikali ya Tanganyika nayo haikukaa kimya. Sheria ya mwaka 1944 iliipa uwezo wa kuwaondoa mjini Waafrika iliowaona hawatakiwi, na misako ya usiku dhidi ya waliopachikwa jina la wahuni iliendelea hadi uhuru. Mwanahistoria Andrew Burton ameonyesha kwamba waliorudishwa makwao walirejea tena na tena. Walirejea kwa sababu mlango wao haukuwa umefungwa na mwajiri wala serikali. Chumba kilikuwapo, au rafiki wa chumba cha jirani alikuwapo, na mwenye nyumba alikuwa tayari kuwapokea. Serikali huru ilirudia jambo hilohilo mwaka 1983 katika kampeni ya Nguvu Kazi, ikapata matokeo yaleyale. Dola mbili zenye itikadi tofauti kabisa zilishindwa na mtandao wa vyumba.

Siasa ya uhuru ilipita kwenye korido hizohizo. Chama cha African Association kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1929 kilikuwa na katibu wake Kleist Sykes, mtoto wa Mzulu aliyekuja na Wissmann. Mwalimu Julius Nyerere alipoacha kazi ya ualimu Pugu mwaka 1955, hakuwa na nyumba mjini. Mwandishi Mohamed Said ameeleza katika maandishi yake kwamba alipokewa Kariakoo na familia ya Abdulwahid Sykes, mwana wa Kleist, aliyekuwa msimamizi wa soko la Kariakoo, kabla ya kuhamia Magomeni. Mzanaki kutoka Butiama alipata makao kwa mjukuu wa Mzulu, katika mtaa uliobeba jina la wapagazi. Na Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, aliwavuta wanawake kwa maelfu katika chama cha TANU kupitia vikundi vya ngoma alivyokuwa akiimba navyo. Vikundi hivyo vilikuwa vya mtaa. Habari zilipita uani kwa uani, mahali ambapo afisa wa wilaya hakuwa na sikio. Wanaodai kwamba umoja wa Watanganyika ulitoka kwenye hotuba na katiba za chama waeleze kwa nini hotuba za Kiswahili zilieleweka na kila aliyesimama Mnazi Mmoja. Walikuwa wamekwisha kuzoeana.

Baada ya uhuru Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, lilibomoa nyumba za udongo Magomeni na kwingineko na kujenga za matofali. Nia ilikuwa njema, lakini kubomoa vyumba na kujenga vingine mahali palepale hakuongezi nafasi kwa wanaokuja, na mpango huo ukaachwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Sheria ya kutwaa majengo ya mwaka 1971 iliyalenga majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Nyumba ya kawaida ya vyumba sita haikufikia thamani hiyo, ikaendelea kupokea watu. Manzese, Buguruni, Keko na Mbagala zilikua kwa utaratibu wa Kariakoo ya zamani, safari hii bila kiwanja kilichopimwa. Serikali ilikubali ukweli huo miaka ya 1970 ilipoanza, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kuboresha makazi ya Manzese badala ya kuyavunja, na kupima viwanja Sinza na Kijitonyama.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Kariakoo ya leo ni maghorofa na maduka. Waliokuwa na nyumba za vyumba sita wengi wameuza au wameingia ubia na wajenzi, na kijana anayeshuka kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi hatafuti chumba Kariakoo tena. Anaelekezwa Gongo la Mboto, Kivule, Mbagala au Goba, na akifika anakutana na dalali anayetaka malipo yake, kisha mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wakati mwingine ya mwaka mzima. Jambo hili la kulipa mbele ndilo ninaloliona la hatari kuliko ubovu wa barabara na maji. Mzee wa Kariakoo alimpokea mtu kwa kodi ya mwezi mmoja, akampa muda wa kutafuta kibarua. Anayedai miezi sita anamtaka mgeni awe ameshafanikiwa kabla hajaingia, na anayeshindwa anabaki kujibanza kwa ndugu ambaye naye amebanwa. Halmashauri za jiji na Wizara ya Ardhi zinapanga nyumba za kuuza na kuhesabu maghorofa. Sera inayotaja chumba kimoja cha kupanga, na kodi ya mwezi kwa mwezi, haijapewa nafasi inayostahili. Itungwe sheria ya kuzuia madai ya kodi ya miezi sita, mwenye nyumba anayeishi na wapangaji wake apunguziwe mzigo wa kodi ya jengo, na maji na choo vifikishwe uani kwake kwanza.